Kodi ya Mlangoni

Kwa nini mtu alipe serikali siku anaponunua nyumba? Swali hili huachiwa wahasibu na mawakili, kana kwamba halituhusu sisi wengine. Kodi ya mapato tunaielewa: umepata mshahara, toa kidogo. Kodi ya faida pia inaeleweka: umeuza kwa bei kubwa kuliko uliyonunulia, gawana na wenzako. Mimi nazungumzia pesa unayotoa siku ile jina linapohama kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani kuja kwako. Siku hiyo hujapata chochote. Ndiyo siku ambayo akaunti yako imekauka kuliko siku zote, umekopa hadi kwa shemeji, na bado kuna mkono mwingine umenyooshwa pale mlangoni.

Kwetu Kenya mkono huo unaitwa ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Tumeuzoea. Mtu husema tu, "Hiyo ni ya serikali," basi yamekwisha. Ndiyo maana nataka tuliangalie swali hili kwa watu wengine, mbali na mazoea yetu. Twende Uswisi, hasa jimbo la Vaud, ambalo mji wake mkuu ni Lausanne, kando ya ziwa Léman.

Nina sababu mbili za kwenda huko. Ya kwanza ni kwamba Uswisi ina majimbo 26, na katika jambo hili kila jimbo limejitungia jibu lake. Sisi tulibishana kuhusu majimbo tangu uhuru. Wao wanaishi ndani yake. Nyumba moja, bei moja, nchi moja, lakini ukivuka mpaka wa jimbo unadaiwa kiasi tofauti kabisa. Kwa mtu anayetafuta haki iko wapi, hiyo ni kama maabara. Sababu ya pili ni dadangu.

Dadangu ni muuguzi Lausanne, mwaka wa saba sasa. Mumewe anaendesha basi. Wamepata nyumba ya vyumba vitatu ndani ya jengo la ghorofa, faranga 900,000. Usishtuke, huko hiyo ni bei ya kawaida. Benki za Uswisi kwa kawaida hukukopesha hadi asilimia 80 ya bei. Asilimia 20 unaleta mwenyewe, na angalau nusu ya hiyo isitoke kwenye akiba yako ya pensheni ya kazini. Kwa hiyo wawili hawa walihitaji faranga 180,000. Wamezipata, kwa kukosa likizo, kukosa gari, na kupiga shifti za usiku ambazo mama akisikia huanza kuomba.

Halafu dalali akawaambia: wekeni kando asilimia nyingine 5 ya gharama za ununuzi. Hiyo ni faranga 45,000, na benki haikopeshi pesa hiyo. Inatakiwa taslimu.

Nilimwomba anitumie hesabu. Sehemu kubwa ni kodi ya uhamisho wa umiliki. Jimbo la Vaud linatoza asilimia 2.2 ya bei, na manispaa inaruhusiwa kuongeza juu yake hadi nusu ya kiwango hicho. Manispaa nyingi huchukua nusu yote, kwa hiyo unafika asilimia 3.3. Kwa nyumba ya 900,000 hiyo ni 29,700. Zinazobaki, kama elfu 15 ukihesabu na akiba kidogo ya dharura, ni za notari, za sajili ya ardhi, na za kuandikisha hati ya rehani ambayo benki inaishikilia.

Aliniandikia hivi kwenye WhatsApp: "Mdogo wangu, hizi si pesa za nyumba. Nyumba nishalipia. Hizi ni za kuruhusiwa kuingia."

Kisha akaniuliza kama niko tayari tuuze ploti ya Rongai aliyotuachia baba. Faranga 45,000 ni zaidi ya shilingi milioni sita. Ploti ina majina yetu mawili. Kwa hiyo swali la kodi ya Vaud likawa swali langu pia, nami sikutaka kujibu kwa hisia tu. Nilitaka kujua kwanza hiyo pesa ni ya nini.

Nianze na kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: ada na kodi. Ada ni malipo ya huduma uliyopewa. Kodi unalipa kwa sababu wewe ni mmoja wa watu wa mahali hapo, iwe umepewa kitu mkononi siku hiyo au la. Sheria ya Uswisi inalichukulia jambo hili kwa uzito. Ada inafungwa na kanuni mbili: jumla ya ada zinazokusanywa isizidi sana gharama ya kuendesha huduma, na kiasi anachotozwa mtu kilingane na thamani ya alichopewa. Ikivuka hapo, si ada tena, hata kama karatasi inasema ni ada. Majimbo kadhaa hujisifu kwamba hayana kodi ya uhamisho, lakini ada yao ya sajili hupanda na bei ya nyumba hadi ikapita mbali gharama ya karani na kompyuta yake. Wanasheria wa huko wana jina la mnyama huyo: kwa Kijerumani wanamwita Gemengsteuer, kodi mchanganyiko. Ni kodi iliyovaa shati la ada.

Sasa hizo elfu 15 za dadangu, sehemu ya ada, zinanunua nini? Hapa nilibadilika kidogo. Mimi nilidhani notari ni wakili mwenye muhuri. La. Uswisi, mkataba wa kuuza ardhi usioandikwa mbele ya notari hauna nguvu. Notari si wa mnunuzi wala wa muuzaji. Kazi yake ni kuhakikisha kila upande umeelewa unachotia sahihi. Vaud ni mtu anayejitegemea lakini viwango vya malipo yake vimewekwa na jimbo. Zürich notari ni mwajiriwa wa umma kabisa. Na umiliki haupatikani kwa kushikana mikono wala kwa kulipa pesa. Unapatikana jina lako linapoingia kwenye sajili.

Sheria ya kiraia ya Uswisi, iliyopitishwa 1907 na kuanza kutumika 1912, inasema mambo mawili kuhusu sajili hiyo ambayo Mkenya akiyasoma atasoma mara mbili. La kwanza: mtu aliyeiamini sajili kwa nia njema na akanunua kwa kuitegemea, analindwa. La pili: hasara yoyote inayotokana na uendeshaji wa sajili inabebwa na jimbo. Yaani serikali haisemi tu, "Hivi ndivyo ilivyoandikwa." Inasema, "Tukikosea, tutalipa sisi."

Linganisha na kwetu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba hatimiliki peke yake haitoshi. Kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria pale mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga na karatasi aliyo nayo. Mimi naona mahakama ilikuwa na sababu nzuri, maana ardhi ya umma iliibwa kwa karatasi safi. Lakini tazama mzigo umeangukia wapi. Mnunuzi ndiye anayetakiwa kufukua historia hadi mizizi. Ushuru wa stempu amelipa, utafutaji kwenye masjala amelipia, na bado analala na jicho moja wazi.

Jean-Jacques Rousseau, aliyezaliwa Geneva 1712, upande wa pili wa ziwa hilo hilo, aliandika kwamba ukosefu wa usawa kati ya watu una uhusiano mkubwa na siku ardhi ilipoanza kuzungushiwa ua. Ukubali hoja yake au ukatae, ndani yake kuna jambo moja la kweli: ua haumfanyi mtu kuwa mmiliki. Kinachomfanya mmiliki ni wengine kukubali kwamba ni wake. Sajili ya ardhi ni hayo makubaliano yaliyoandikwa vizuri na kuwekewa dhamana. Kwa hiyo mtu anayelipa ada ya sajili hawalipi makarani tu. Anawalipa majirani zake wote, wale ambao tangu leo wameahidi kutogusa mlango wake, na wataadhibiwa wakiugusa. Hiyo ni huduma, tena kubwa. Hizo elfu 15 sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu uko kwenye zile 29,700.

Tuanze na utetezi wake, maana upo, na si wa kijinga. Kwanza, ni kodi rahisi kukusanya. Mtu anaweza kuficha mshahara, anaweza kuficha akaunti, lakini nyumba haikimbii, na jina halihami bila sajili kujua. Pili, manispaa inaihitaji. Shule ambayo watoto wa dadangu wataenda kwa miguu, barabara inayosafishwa theluji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, vitu hivyo havijilipi. Tatu, na hili ndilo zito, thamani ya nyumba haikutengenezwa na mwenye nyumba. Lausanne ilifungua metro yake ya m2 mwaka 2008, ikipanda mlima kutoka ziwani hadi Epalinges. Aliyekuwa na nyumba karibu na kituo hakuchimba handaki. Alilala, akaamka yuko karibu na metro. Jamii ikidai sehemu ya thamani hiyo, inadai kilicho chake.

Nakubaliana na yote matatu. Lakini hoja ya tatu ukiisikiliza vizuri inamwelekea mtu mwingine. Aliyevuna thamani ya metro ni muuzaji. Yeye ndiye alilala akaamka tajiri. Dadangu anaingia akilipa bei ambayo metro imo ndani yake tayari. Ukimtoza kwa sababu ya metro, umemtoza kwa kitu alichokwisha kununua kwa bei kamili.

Na Vaud inalijua hilo, kwa sababu ina kodi nyingine ya muuzaji: kodi ya faida ya ardhi. Ukiuza ndani ya mwaka wa kwanza, jimbo linachukua asilimia 30 ya faida. Kiwango kinashuka mwaka baada ya mwaka, hadi asilimia 7 ukishakaa miaka 24. Na miaka uliyoishi mwenyewe ndani ya nyumba inahesabiwa mara mbili. Ona akili iliyomo: sheria inatofautisha anayenunua leo auze kesho na yule aliyelea watoto humo. Zaidi ya hapo, sheria ya shirikisho inasema ukiuza nyumba unayoishi na ukatumia pesa hizo kununua nyingine ya kuishi, kodi ya faida inaahirishwa. Yaani wabunge waliketi wakajiuliza: huyu anafanya biashara, au anahama tu? Wakaamua kwamba anayehama asiadhibiwe.

Sasa mbona akili hiyo hiyo haikufika mlangoni?

Bern ilifika. Huko kodi ya uhamisho ni asilimia 1.8, lakini tangu 2015, mtu akinunua nyumba ya kuishi mwenyewe, faranga 800,000 za kwanza hazitozwi. Sharti ni uhamie ndani ya mwaka mmoja na ukae angalau miaka miwili mfululizo. Kwa bei ya nyumba ya dadangu, Bern ingetaka asilimia 1.8 ya laki moja iliyobaki: faranga 1,800. Zürich, ambayo haitozi kodi hii tangu 2005, ingetaka ada tu, na kwa notari na sajili ukijumlisha hazifiki asilimia 1. Zug na Schwyz pia hazina kodi hiyo. Geneva ni asilimia 3, ila ina punguzo kwa mtu anayenunua nyumba ya kuishi ambayo bei yake haijavuka kiwango fulani. Vaud, 29,700. Kutoka Lausanne hadi Bern ni safari ya zaidi kidogo ya saa moja kwa treni.

Kuna mtu mwerevu atanikatiza hapa, na nina rafiki mchumi ambaye tayari amenikatiza. Anasema: ndugu, unajidanganya. Kodi ikiondolewa, muuzaji atajua mnunuzi ana elfu 29 za ziada, atapandisha bei kwa elfu 29. Mnunuzi hataona hata senti. Hoja hii ni ya zamani. Adam Smith, karne ya 18, alisema kodi ya kuuza ardhi inamwangukia muuzaji yote, kwa sababu kwa kawaida muuzaji ndiye mwenye shida, analazimika kuuza, na atachukua anachopewa. Mnunuzi anaweza kungoja.

Kwanza, huo ulikuwa ulimwengu wa Smith. Leo Lausanne mwenye shida ni nani? Uswisi ni nchi ambayo takriban asilimia 36 tu ya kaya zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Wengine wote ni wapangaji. Nyumba ikitangazwa, wanapanga foleni. Anayeweza kungoja ni muuzaji. Kwa hiyo kwa kanuni ya Smith mwenyewe, kwamba mzigo unamfuata mwenye shida, mzigo umehamia kwa mnunuzi.

Pili, tuseme rafiki yangu yuko sahihi kabisa, na bei inapanda kwa 29,700 zote. Bado dadangu amepata nafuu. Kwa nini? Kwa sababu bei inakopesheka, na kodi haikopesheki. Bei ikiongezeka kwa 29,700, benki inabeba asilimia 80 ya nyongeza hiyo, yeye analeta 5,940. Kodi ikiwa 29,700, analeta 29,700. Kiasi ni kile kile, lakini kimoja kinamngoja miaka ishirini na kingine kinamkaba koo Jumatatu.

Hapo ndipo nilipopata neno nililokuwa nalitafuta. Tatizo la kodi hii si ukubwa wake. Ni saa yake. Kodi nzuri humkuta mtu akiwa na kitu: mshahara umeingia, faida imepatikana, mali imekaa miaka na miaka. Kodi ya mlangoni humkuta mtu dakika ile ambayo hana kitu, na inampima kwa bei ya nyumba, si kwa alichobaki nacho mfukoni. Tajiri anayenunua kwa pesa zake bila mkopo na muuguzi aliyekopa asilimia 80 wanalipa sawa. Kwenye karatasi ni usawa. Lakini kwa yule wa kwanza ni gharama, na kwa wa pili ni ukuta.

Kuna jambo lingine linaloumiza zaidi, nalo ni orodha ya wanaopita bure. Katika majimbo mengi, mzazi akimwachia mtoto nyumba, kodi ya uhamisho haidaiwi. Sawa, watu wanapenda kuwalinda watoto wao, hata mimi na dadangu tumeipata Rongai kwa njia hiyo. Lakini tukubali maana yake: aliyezaliwa ndani anafunguliwa mlango, aliyekuja kwa jasho lake analipa kiingilio.

Halafu kampuni. Sheria ya shirikisho kuhusu kuunganisha na kugawanya kampuni, iliyoanza kutumika Julai 2004, iliyakataza majimbo kutoza kodi ya uhamisho pale kampuni zinapojipanga upya. Yalipewa miaka mitano kujirekebisha, na tangu Julai 2009 marufuku hiyo inafanya kazi. Kampuni mbili zikiungana, majengo yao yote yanahamia jina jipya, na majimbo yanaruhusiwa kutoza ada inayolingana na gharama ya kazi tu. Sababu iliyofanya sheria hiyo itungwe inaeleweka: uchumi uweze kusogea, kodi isizuie mabadiliko ya maana. Mimi nauliza tu: familia ya watu wanne inayohama kutoka nyumba ya chumba kimoja kwenda ya vyumba vitatu, hayo si mabadiliko ya maana? Familia nayo ni kitu kinachojipanga upya. Mtoto wa pili amezaliwa, bibi amekuja kukaa, ndoa imevunjika. Tukisema kampuni isitozwe kwa kusogea, tumekiri kwamba kumtoza mtu kwa kusogea ni jambo baya. Tukishakiri, hatuwezi kulitumia kwa wasio na mawakili peke yao.

Haki ya mwisho ni ya sauti. Uswisi watu wanapenda kusema kodi zao wamezipigia kura, na ni kweli kwa kiasi ambacho sisi tunaweza kukionea wivu. Lakini ni nani hao "wao"? Katiba ya Vaud ya 2003 inampa mgeni haki ya kupiga kura katika mambo ya manispaa akishaishi Uswisi miaka kumi na ndani ya jimbo miaka mitatu. Katika mambo ya jimbo, hapana. Dadangu ana miaka saba. Theluthi mbili ya kodi yake, faranga 19,800, ni ya kiwango kilichowekwa na jimbo. Hiyo asingekuwa na kura juu yake hata angekaa miaka ishirini, mpaka awe raia. Theluthi nyingine, 9,900, ni ya manispaa. Hiyo atasubiri miaka mitatu zaidi.

Naye ana bahati. Sheria wanayoiita Lex Koller, ya 1983, inawabana wageni wanaotaka kununua ardhi Uswisi. Yeye kama mtu asiyetoka Ulaya, mwenye kibali cha B, anaruhusiwa kununua nyumba ya kuishi pale anapoishi bila kuomba idhini maalumu. Machi 2025 serikali ya shirikisho ilitangaza nia ya kukaza: watu kama yeye waombe idhini hata kwa nyumba hiyo, na wakihama waiuze. Sitapiga kelele sana hapa, maana Katiba yetu wenyewe, kifungu cha 65, inamzuia mgeni kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kwa kukodi miaka 99. Kila nchi ina haki ya kuuliza ardhi yake inaenda kwa nani. Lakini ukishamruhusu mtu kuingia, ukampa kazi ya kuwageuza wazee wako kitandani usiku, ukachukua kodi yake ya mapato kila mwezi, basi kumwambia kwamba bado ni mgeni siku anapotaka mlango wake mwenyewe ni jambo linalohitaji sababu nzuri kuliko desturi.

Kwa hiyo mimi nimefika wapi? Sisemi ardhi isitozwe kodi. Ningekuwa na kura Vaud, ningetaka muuzaji aliyelala akaamka tajiri atozwe zaidi, na mwenye nyumba ya tatu aliyoifunga madirisha mwaka mzima atozwe kila mwaka. Ningeacha ada mlangoni, ile inayolipia sajili ambayo serikali iko tayari kuidhamini kwa pesa zake. Na ningefanya kama Bern kwa anayeingia kuishi. Manispaa isipoteze pesa yake. Ichukue kwa mtu aliyenayo, siku anapokuwa nayo.

Na haya maswali nayarudisha nyumbani, maana yanatufaa. Kodi yoyote ya mlangoni, hata hii yetu ya asilimia 4, iulizwe mambo matatu. Inanunua nini? Inamkuta nani, na akiwa na nini mfukoni? Na nani anapita bila kuguswa? Kwa swali la kwanza, sisi tuko nyuma ya Vaud kwa mbali. Wao wanatoza sana lakini wanakupa jina ambalo hakuna mtu atakuja kulifuta. Sisi tunatoza, halafu tunakwambia ufukue mizizi mwenyewe.

Kuhusu Rongai, nimemwambia dadangu tuuze. Tutakayemuuzia atalipa ushuru wa stempu, sisi tutaulizwa kodi ya faida ya asilimia 15, kisha kilichobaki kivuke bahari kikalipe kodi nyingine. Baba alinunua ile ploti ili tusije tukakosa pa kuweka kichwa, na pa kuweka kichwa pamepatikana, ila ni Lausanne. Sehemu ya ada nitaitoa nikijua ni ya nini. Zile 29,700 nazo tutazilipa, kwa tarehe, bila kuchelewa hata siku moja. Ila asije mtu akaniambia ni haki. Akitaka tuongee, anieleze kwanza mbona kampuni mbili zikioana hazilipi.